Kucheza tena kama watoto kando ya Ziwa Kivu: maswali mnayotuuliza

Sisi ni kundi la marafiki wa Goma, wengi wetu tuna umri wa miaka 30 hadi 50. Jumapili moja kila mwezi tunateremka ziwani kucheza. Hatuendi kutazama watoto wakicheza, tunacheza wenyewe. Watu wakitukuta tumelowa chapachapa, tunakimbizana kwenye mawe, wanasimama na kuuliza. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo tumeyaweka hapa pamoja na majibu yetu. Tungefurahi kuona kila mtaa una kundi lake.

Mlianzaje?

Tulianzia Minova, mji mdogo kando ya ziwa, mwaka 2021, na siku hiyo hakuna aliyekuwa na furaha.

Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma, ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei. Lava ilipita, ikapoa, lakini ardhi haikutulia. Matetemeko yalifuatana mchana na usiku, kuta zikapasuka, na tarehe 27 asubuhi ikatoka amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji. Wengine walishika njia ya Sake, wengine Rutshuru, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Sisi tulifika Minova na magodoro kichwani, tukalala sakafuni kwenye darasa moja, familia sita pamoja.

Watoto hawakungoja ruhusa. Kesho yake walikuwa wameshatengeneza mpira wa sashe, yaani mifuko ya plastiki, na uwanja wameupata, nyasi kidogo karibu na maji. Sisi wakubwa tulikaa ukutani na simu mkononi, kila mmoja akitafuta habari za mlima. Mpira ukaviringika hadi miguuni mwa mama mmoja, muuza makala (mkaa) wa Ndosho, mtu mwenye wajukuu. Watoto walimnyooshea mikono awarudishie. Yeye akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni, akaupiga kwa mguu na kuingia uwanjani. Hakutoka tena. Baada ya robo saa tulikuwa wakubwa 12 tunagombania mpira wa sashe na watoto wa miaka minane, na tunabishana kama lile lilikuwa bao au si bao.

Ninachokumbuka ni kwamba muda ule wote hakuna aliyegeuza shingo kuangalia upande wa mlima. Na usiku ule nililala hadi asubuhi, mara ya kwanza tangu tarehe 22.

Tuliporudi Goma mwezi Juni, mama yule ndiye aliyetupigia simu mmoja mmoja. "Wanangu, Jumapili tunashuka kwa ziwa. Msiniambie mnafanya kazi."

Ni sawa kweli kucheza wakati mji una majonzi?

Swali hili linatoka kwa watu tunaowaheshimu, na sisi wenyewe tumejiuliza mara nyingi. Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji. Kila mmoja wetu alizika mtu au anamfahamu aliyezika. Miezi kadhaa hatukukutana kabisa, na hakuna aliyethubutu kutaja mpira.

Tuliporudi ziwani tulikuwa saba. Kaka mmoja alisema hana moyo, akakaa kwenye jiwe na viatu vyake miguuni. Tulimwacha. Hatukumvuta mkono wala kumwambia ajikaze. Tulicheza taratibu, tukala, tukarudi nyumbani. Alikuja mara ya pili, akakaa palepale. Mara ya tatu alivua viatu.

Tuna desturi zetu. Mmoja wetu akifiwa, Jumapili hiyo hakuna mchezo, tunaenda kilioni na kukaa naye. Matanga yakiisha, yeye ndiye anayesema siku ya kurudi. Lakini kumwambia mtu asicheke mpaka mambo ya Goma yaishe, hilo hatuliwezi. Mimi nilizaliwa kabla ya lava ya 2002, na tangu hapo sijaona mwaka uliokwisha bila jambo. Tungengoja, tungezeeka tukingoja.

Mtu wa umri wangu atacheza nini?

Yaleyale aliyocheza alipokuwa na miaka tisa. Kukimbizana, kujificha, kuruka kamba, kushindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu zaidi. Nzango ndiyo inayotutoa jasho kuliko yote: timu mbili zinakabiliana, wanaimba, wanapiga makofi, wawili wanaruka pamoja na kila mmoja anatupa mguu mbele, kisha inahesabiwa ni mguu gani umekutana na upi. Wasichana wa Kongo wameicheza vizazi kwa vizazi shuleni na mitaani, na leo ina mashindano yake rasmi. Wanaume wa kundi letu walidhani ni rahisi. Sasa wanajifunza kwa dada zao kwa unyenyekevu.

Mpira tunatengeneza wenyewe, na ninawasihi msinunue. Kutengeneza ni nusu ya mchezo. Unachukua sashe moja kuukuu, unaikunja na kuiminya mpaka iwe kama yai. Unaivika sashe ya pili, unasokota mdomo wake, unaigeuza na kuivika tena, na kila sashe mpya unaivuta hadi mkono uume. Ukifika ukubwa wa chungwa unaanza kamba. Sisi tunatumia nyuzi za mgomba zilizokauka, tunazilowesha kwanza ili zisikatike. Kamba inapita juu na chini, kisha kulia na kushoto, halafu pembeni, mpaka mpira wote uwe na vyumba vidogo kama wavu. Kila kona unaipiga fundo. Mpira uliofungwa vizuri unadunda. Uliolegea unaanguka na kulala kama kiazi. Tulipokaa kuutengeneza mara ya kwanza, mwanaume wa miaka 46, mhasibu, alishika kamba na vidole vyake vikaanza kwenda vyenyewe. Akasema, "Mikono bado inajua." Alinyamaza kidogo, akaongeza kwamba aliyemfundisha alikuwa yaya yake, yaani ndugu yake mkubwa, aliyefariki zamani.

Kurusha jiwe liruke juu ya maji ni kazi hapa kwetu. Mawe ya Goma ni ya volkano, yana matundu na makwaruzo, bapa hupati. Tunatafuta nusu saa kupata manne mazuri, na aliyelipata anaficha mfukoni kama dhahabu.

Naona haya kucheza mbele za watu. Nitafanyaje?

Haya ni ya dakika kumi za kwanza. Tumeliona hilo kwa kila mtu aliyekuja: mwalimu, motari (mwendesha pikipiki), mchungaji, daktari. Anasimama pembeni na mikono kifuani, anacheka cheka, anasema yeye atapiga picha. Dakika kumi zikipita bila mtu kumsukuma, mpira unamjia, anaupiga, basi.

Kinachotusaidia ni kuanza na mchezo ambao hakuna anayeutazama, wote wako ndani. Kamba ndefu yenye watu wawili wanaoizungusha inafaa sana. Na simu zinaingia kwenye mfuko mmoja, zinafungwa. Mtu akijua hatapigwa picha, mwili wake unalegea. Sheria hiyo hatuivunji hata kwa mgeni mkubwa.

Mnachezea wapi? Ufuo wote si umejengwa kuta?

Ni kweli, na inauma. Upande wa Himbi unaweza kutembea muda mrefu ukisikia mawimbi bila kuona maji, ni kuta za parseli (viwanja vya watu) na hoteli tu. Tulipokuwa wadogo tulipita kati ya mashamba ya watu na hakuna aliyetuzuia. Sasa zimebaki njia chache za watu wote, na zina shughuli zake: Kituku, kwa mfano, ni soko na bandari, kuna mitumbwi, mama wanafua, vijana wanaosha pikipiki, watu wanachota maji kwa bidoni. Hapo si pa kupiga mpira.

Sisi tunaenda mapema, tunauliza wenyeji, na tumepata kipande kidogo cha mchanga mweusi ambacho mwenye parseli ya jirani anaturuhusu kupita. Tulikwenda kumsalimia, wazee wetu wawili wakiwa mbele, tukaeleza tunafanya nini, tukaahidi kuokota takataka zote, za kwetu na tulizozikuta. Hatujawahi kukosa kutimiza. Baadhi ya hoteli zinaruhusu watu kuingia ukinunua kinywaji, ila ukishalipa unacheza kwa adabu ya mteja, na mchezo unapoa.

Sijui kuogelea. Nije?

Njoo. Zaidi ya nusu yetu hatujui, na wengi tumekulia mita mia chache kutoka majini.

Lakini sikiliza vizuri. Ziwa Kivu halishuki polepole kama mabwawa mengine. Sehemu nyingi za ufuo ni mwamba ulioporomoka: hatua mbili maji yako magotini, hatua ya tatu hakuna chini. Katikati kina kinafika karibu mita 480. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kuingia, wawili wanaojua kuogelea wanapima kwa mti mrefu na kuweka kamba yenye vibidoni vinavyoelea. Asiyejua kuogelea hapiti kamba, awe bosi au baba mkwe.

Tuna bidoni mbili za manjano za lita 20, tupu, vifuniko vimekazwa, kila moja na kamba ya mita 15. Mtu akipata shida tunamtupia bidoni, hatumrukii. Anayezama humshika anayekuja kumwokoa na kumzamisha naye. Bidoni tupu ya lita 20 inatosha kumweka mtu mzima kichwa nje ya maji akiikumbatia. Na msitegemee kusikia kelele. Mtu anayezama mara nyingi hana pumzi ya kupiga kelele, anashuka kimya karibu na watu wanaocheka. Ndiyo maana kila nusu saa tunateua mlinzi ambaye hachezi kabisa, kazi yake ni kuhesabu vichwa. Tukiwa 14 majini, anahesabu mpaka 14, anaanza tena.

Gesi ya ziwa haitalipuka tukiwa majini?

Watu wanaogopa kwa sababu ya Ziwa Nyos la Kameruni, ambako mwaka 1986 gesi ilitoka usiku mmoja na kuua watu wapatao 1,700. Ni kweli pia kwamba Ziwa Kivu limebeba gesi nyingi mno, kaboni dayoksaidi takriban kilomita za ujazo 300 na methani karibu 60. Ila gesi hiyo imeyeyuka ndani ya maji ya chini kabisa, hasa chini ya mita 260, na uzito wa maji ya juu unaikandamiza isipande. Tunapoogelea ni tabaka la juu, linalochanganyika na hewa. Lava ya 2002 iliingia ziwani na gesi ile ya chini haikutoka. Upande wa Rwanda wanaivuta methani hiyo kutengeneza umeme, mtambo wa Karongi una megawati 26. Wataalamu wanalichunga ziwa, na ni vizuri walichunge. Kuruka kwako majini hakuliamshi.

Gesi ya kuogopa ni nyingine.

Ipi? Mazuku?

Ndiyo. Wazee waliita mazuku, upepo mbaya, na wengi wetu tulikatazwa mabonde fulani bila kuelezwa sababu. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi ya volkano. Haina rangi, na huwezi kuitegemea pua ikuonye. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaa kwenye mashimo na vibonde kama maji yanavyojaa kwenye beseni. Upande wa magharibi wa mji, Himbi, Keshero, Mugunga hadi Bulengo, sehemu zake zinajulikana, nyingine ziko hatua chache kutoka ziwani. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, inakuwa nyingi zaidi.

Sasa fikiria mchezo wa kujificha. Mtoto, au mtu mzima anayecheza kama mtoto, anatafuta shimo zuri, anachutama. Kichwa chake kinaingia kwenye gesi. Mwenzake aliyesimama hapohapo hajisikii lolote. Kwa hiyo kwetu kujificha ni juu ya miti na nyuma ya kuta tu, hakuna anayeshuka kwenye shimo. Tukikuta wadudu, mijusi au ndege waliokufa kwenye kibonde, tunahama. Wengine hushusha moto kuona kama utazimika. Moto kuzimika ni hatari kubwa, lakini moto kuwaka haumaanishi hewa ni nzuri. Na ukiona mtu ameanguka shimoni, usimwinamie. Wengi wamekufa wakimfuata wa kwanza.

Ninaandika haya kwa urefu kwa sababu mtoto wa jirani yetu aliondoka hivyo, akitafuta mbuzi.

Mamba na viboko je?

Hakuna. Ziwa Kivu halina mamba wala viboko.

Mnaenda kisiwa cha Idjwi kwa mtumbwi?

Tunatamani, na tumewahi kwenda, tukala nanasi mpaka midomo ikawasha. Lakini tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyojaa kupita kiasi, ikitoka Minova, ilizama karibu kabisa na kufika Kituku, watu wakiwa wanaona nchi kavu. Tangu siku hiyo hatupandi chombo chochote kama hakuna jile (jaketi) la kuokolea kwa kila mmoja, limevaliwa na kufungwa. Nahodha akisema ni safari fupi, tunamshukuru na kushuka.

Mvua ikianza?

Tunatoka majini kwenye ngurumo ya kwanza. Mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na hatukai chini ya mti. Juni hadi Agosti, kiangazi, ndiyo miezi yetu mizuri. Hata hivyo mvua ndogo isiyo na radi ni baraka: wakubwa 20 wakiteleza kwenye matope ni kitu cha kuona.

Tuje na chakula gani?

Kila mtu analeta alicho nacho na hakuna anayeuliza. Huwa kuna mahindi ya kuchoma, ndizi, maparachichi, wakati mwingine kipande cha fromaji (jibini) ya Masisi. Lakini harufu ya siku yenyewe ni ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Tunawanunua asubuhi kwa wavuvi waliokesha na taa zao, bado wanang'aa kama sindano. Wanaoshwa, wanapakwa chumvi, wanatumbukizwa kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa, wanalia "shaaa" na kukunjamana. Wanaliwa na kichwa, kwa ndimu na pilipili, kwa mkono wenye mchanga. Watu wengi hawajui kwamba samaki hawa si wa asili hapa, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Bibi yangu alikuwa msichana bila kumjua sambaza.

Maji ya kunywa tunabeba kutoka nyumbani, yamechemshwa au yametiwa klorini. Ya ziwa hatunywi, hata kuonja. Kipindupindu tunakijua.

Pombe hatuleti. Mtu aliyekunywa haingii majini, na sisi mchana wote tuko majini.

Mwanamke aliyeolewa, mtu wa kanisa, atavaa nini na watu watasema nini?

Vaa kinachokustarehesha. Wengi wa dada zetu wanaingia na tisheti na kaptula ndefu, wengine kitenge kilichofungwa vizuri juu ya suruali. Tunaanza baada ya ibada, saa saba mchana. Kuhusu maneno ya watu, yalikuwepo mwaka wa kwanza. Shemeji mmoja alikuja kumchukua mke wake kwa hasira. Mama yetu wa makala alimwita, "Baba, kwanza kula," akampa sahani. Alikula. Sasa ndiye anayezungusha kamba.

Natembea kwa magongo. Nitafanya nini huko?

Mwenzetu mmoja ana magongo tangu utotoni, na katika mchezo wa kurusha kijiwe juu na kuokota vingine kabla hakijaanguka, hakuna aliyewahi kumshinda. Anatumia mbegu ngumu badala ya mawe, kwa sababu mawe yetu yanachubua vidole. Kumshusha hadi mchangani tunatumia chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, amekaa mbele kwenye ubao, anashika usukani mwenyewe na wawili wanashika nyuma. Ni njia anayoipenda yeye, tulimuuliza.

Tuko Bukavu. Tufanyeje?

Nyinyi mna rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, hivyo maji yametulia kuliko kwetu. Jihadharini tu na upande mto Ruzizi unapotokea, maji huko yana mwendo. Mengine yote ni sawa: bidoni mbili, kamba, mlinzi wa kuhesabu vichwa, na mtu mmoja wa kupiga simu. Huyo ndiye mgumu kumpata. Watu hawaachi kucheza kwa sababu wamezeeka, wanaacha kwa sababu hakuna tena anayepita dirishani kuwaita. Kwa hiyo ita. Usitume ujumbe kwa wote, piga kwa kila mmoja, mtaje jina lake la utotoni.

Marafiki zangu wa utoto wametawanyika. Niite nani?

Na wetu pia. Kuna walioko Kinshasa, Nairobi, kambini Uganda. Mmoja, dada tuliyekua naye Majengo, yuko Kampala tangu mwanzoni mwa 2025. Zamani yeye ndiye aliyehesabu tuliporuka kutoka kwenye mwamba, kwa sauti kali, na hakuna aliyeruhusiwa kuruka kabla hajafika tatu. Simu moja tu inatolewa kwenye mfuko, saa kumi kamili, inafungwa ndani ya sashe safi na kuwekwa juu ya jiwe. Tunapanga mstari ukingoni, vidole vya miguu vikishika mwamba. Mtandao unakatika, unarudi. Kisha sauti yake inatoka: "Mko tayari? Moja... mbili..." Anaivuta ile mbili kama alivyoivuta tukiwa na miaka tisa, mpaka mtu anapiga kelele, "Yaya, sema basi!"